Mambo ya kuzingatia kabla ya masika: hewa ya ndani ya nyumba

Kazi hii ya kuikagua nyumba ni ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua linawaka. Ukingoja mvua za Machi zianze umeshachelewa: hupati siku mbili mfululizo za kuanika godoro, rangi haikauki, na fundi wa paa hapokei simu. Mimi naishi Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya zamani, pamoja na mama yangu mwenye pumu. Miaka mingi masika yakifika kifua chake kilikuwa kinabana usiku, nasi tukisingizia baridi, kumbe maradhi yalikuwa nyuma ya kabati.

Kwa hiyo anza na kuta. Sogeza kabati, kitanda na sanduku la nguo, kisha weka kiganja ukutani. Ukuta wenye maji una ubaridi wa mtungi. Tazama rangi iliyovimba, madoa meusi ya kwenye kona, na unga mweupe wa chumvi unaomwagika sakafuni. Siku niliyolivuta kabati la mama, mgongo wa kabati ulikuwa umeota manyoya ya kijivu, na kanga za rafu ya chini zilinuka kama pango. Ukungu hurusha mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mwenye pumu akizivuta usiku kucha hapumziki.

Kwetu chanzo kilikuwa ukarabati. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kisha ukautoa taratibu. Fundi akatuambia, "Bi mkubwa, hii chokaa inakumegukieni kila mwaka, tupige saruji tumalize." Tukapiga saruji, juu yake rangi ya mafuta. Ukuta ukapendeza mwaka mmoja. Maji yaliyokuwa yakitokea nje yakakosa njia, yakapanda, yakatokeza ndani pale saruji inapoishia. Kama ukuta wako ni wa mawe, tafuta fundi anayeijua chokaa, na hata rangi iwe ya chokaa. Nyumba za matofali ya saruji zina yao: bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, bomba linalovuja ndani ya ukuta. Ziba kwanza, ndipo usafishe, ama sivyo utasugua ukungu ule ule kila wiki.

Na kusafisha kwenyewe, usiupige brashi ukungu ukiwa mkavu, utaurusha chumba kizima. Lowesha kwa maji ya sabuni, madirisha wazi, pua imefungwa kitambaa, mwenye pumu yuko kwa jirani. Ukitumia jiki, isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana hapo inatoka gesi ya klorini. Godoro lililoota ukungu ndani lisikutie huruma. Litupe.

Ushauri wa nchi za baridi unasema unyevu wa ndani uwe baina ya asilimia 30 na 50. Unguja wakati wa masika hewa ya nje yenyewe mara nyingi inapita 80, kwa hiyo sijishughulishi na namba hizo. Ninachotaka ni ukuta na nguo visilale na maji. Kabati liwe mbali na ukuta kwa kiasi cha shibiri, feni izunguke hata kama hakuna joto, nguo zisianikwe chumbani cha kulala. Pima pia kama madirisha ya pande mbili zinazokabiliana yanafunguka, kwani mbao za zamani huvimba zikakwama, na dirisha moja peke yake halivuti upepo. Wavu wa mbu uoshwe, vumbi likijaa haupitishi kitu. Wenye kiyoyozi waoshe chujio lake. Kinakausha hewa, kweli, lakini vile vya kutundika ukutani vingi vinazungusha hewa ile ile ya ndani, hivyo haviutoi nje moshi ulioingia.

Moshi ndio uliotuletea ugomvi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, hasa ya majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mvua ikinyesha, jiko la uani linahamia ndani, tena miaka hii Ramadhani imekuwa ikigusana na masika, futari inapikwa milango imefungwa. Kabla ya mvua, ezeka kibanda cha uani hata kwa mabati mawili ili seredani, yaani jiko la mkaa, ibaki nje. Isiingizwe chumbani usiku, hata kama makaa yanaonekana yamekufa: yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu, anasinzia, na anaweza asiamke. Kwa wanaopikia gesi, angalia mpira na kichwa cha mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango, usiguse swichi.

Jenereta nalo lina mahali pake. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka vichochoro vilivyojaa ngurumo na moshi. Likae mita sita au zaidi kutoka dirisha lolote. Roshani si nje, na kichochoro cha upana wa punda mmoja si nje pia. Kama huna nafasi hiyo, nunua taa za sola uache jenereta dukani.

Dawa ya mbu ya kuviringa tumeiacha kabisa. Moja ikiungua hadi mwisho huweza kutoa chembe za moshi sawa na sigara 75 hadi 137, na sisi tulikuwa tunaiweka chini ya kitanda cha mgonjwa wa kifua! Chandarua kinatosha. Kishone matundu sasa.

Ukabaki udi. Nilipomgusia mama kuupunguza alinitazama kama niliyetaka kuuza nyumba. "Mwanangu, nyumba haina udi, nyumba gani hiyo?" Tumepatana hivi: chetezo kinawekwa ukumbini, milango ya pande zote wazi, naye anakaa barazani mpaka moshi utoke. Nguo zinafukizwa hapo hapo, si chumbani kwake. Hakufurahi, lakini amekubali.

Wanaopaka rangi kwa ajili ya Idi wapake mapema, chumba kikae wazi siku kadhaa kabla ya kulaliwa. Rangi kuukuu ikikwanguliwa iloweshwe kwanza, huenda ina madini ya risasi. Na jamaa wa Pemba wenye karafuu: gunia ambalo halijakauka sawasawa lisilale chumba kimoja na watoto.

Mwisho kagua dawa ya kuvuta ya mwenye pumu: tarehe yake, na imebaki kiasi gani. Ya mama tumeitundika msumarini nyuma ya mlango wake, ndani ya kipochi chekundu, na jioni moja tulizima taa kila mtu wa nyumbani akajaribu kuipata kwa kupapasa.