Kocha Mkaidi wa Kikapu: Pima Hivi Kabla ya Kumtimua

Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, neno la kwanza kwenye kikao cha kamati huwa "kocha habadiliki". Huenda ni kweli. Ila kutobadilika peke yake si kosa: mfumo mmoja uliofundishwa ukaeleweka hushinda mifumo minne ya kubahatisha. Kosa ni pale mfumo unapompa mpinzani mtupo anaoutaka, kocha anaoneshwa, naye hana alichoandaa badala yake. Yote hayo yanapimika kwa video, kalamu na karatasi.

Anza kwa kuandika lalamiko katika sentensi inayohesabika. "Ulinzi mbovu" haihesabiki. "Mpinzani akiweka skrini (anasimama kumziba mkabaji ili mwenzake apate nafasi), senta wetu, yule mrefu wa ndani, anabaki chini ya ringi na mwenye mpira anatupa bila kusumbuliwa" inahesabika, na ndilo lalamiko lililomwandama kocha Mike Budenholzer pale Milwaukee Bucks. Senta wake, Brook Lopez, alibaki nyuma kulinda ringi, wapinzani wakaachiwa mitupo ya mbali. Kwenye msimu wa kawaida mfumo ulitamba: Bucks walikuwa na rekodi bora ya NBA mwaka 2019 (60-22) na tena 2020 (56-17). Kwenye mchujo, ambako anayeshinda mechi nne kati ya saba ndiye anayesonga mbele, mambo yakageuka. Mwaka 2019 waliongoza 2-0 dhidi ya Toronto wakafungwa mechi nne mfululizo, na 2020 Miami wakawatoa 4-1. Tutairudia kesi hii, kwa sababu imebeba karibu kila mtego wa uamuzi wa namna hii.

Kisha chukua video za mechi tano. Ziwemo angalau mbili mlizoshinda, maana anayetazama vipigo tu atauona ubaya wa mfumo wowote ule. Kwa kila shambulizi la mpinzani andika: robo, aina ya ulinzi (mtu kwa mtu, au zoni ambapo kila mmoja analinda eneo lake), kama skrini ilitumika, mtupo ulitoka wapi (chini ya ringi, masafa ya kati, pointi tatu za kona, pointi tatu za juu), mtupaji alikuwa huru au alibanwa, na matokeo. Mhesabu kuwa huru kama mkabaji yuko zaidi ya mita moja na nusu. Mechi ya dakika 40 huwa na mashambulizi 70 hadi 80 kwa kila timu, hivyo mechi tano zitakupa karibu 350 au zaidi. Kama huna muda wa kuhesabu moja moja, tumia karatasi ya takwimu: mitupo yote ya uwanjani iliyojaribiwa, jumlisha 0.44 mara mitupo huru (ile ya adhabu baada ya faulo), toa ribaundi za kushambulia (mitupo yao iliyokosa wakaiokota wenyewe), jumlisha mipira iliyopotezwa. Hiyo ni idadi ya mashambulizi kwa kukadiria. Gawa pointi kwa jibu hilo, zidisha kwa 100, upate pointi kwa kila mashambulizi 100. Usilinganishe pointi za mechi kwa mechi, kwa sababu timu inayokimbia sana hufungwa nyingi hata kama inakaba vizuri.

Sasa tafuta bei ya kila mtupo. Leyapu (mtupo wa karibu kabisa na ringi) inayoingia asilimia 60 ina thamani ya pointi 1.2. Mtupo wa masafa ya kati unaoingia asilimia 40 ni pointi 0.8. Pointi tatu kwa asilimia 36 ni 1.08, lakini kwa asilimia 28 ni 0.84 tu. Hapa ndipo mashabiki wengi wanapomwonea kocha. Wanaona mtu ameachwa huru nje, wanapiga kelele, kumbe ligi yao haina watupaji wa kumwadhibu anayejaza wachezaji chini ya ringi. Tena kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazina ile sheria ya NBA inayomzuia mkabaji kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani bila kumkaba mtu, kwa hiyo senta wenu anaweza kupiga kambi pale robo nzima. Kabla ya kusema mfumo umepitwa na wakati, hesabu wapinzani wenu wanaingiza asilimia ngapi.

Halafu ondoa bahati. Timu yenye uwezo wa asilimia 35 ikitupa pointi tatu 20, wastani ni 7, lakini siku moja inaweza kuingiza 3 na siku nyingine 11 bila kocha yeyote kufanya lolote. Hiyo ni pointi 12 juu au chini ya wastani. Houston Rockets ya kocha Mike D'Antoni, timu ya ushindi 65, ilikosa pointi tatu 27 mfululizo katika mechi ya saba dhidi ya Golden State mwaka 2018 na kumaliza 7 kwa 44. Walicheza bila Chris Paul, aliyeumia mechi ya tano. Ukimhukumu kocha kwa usiku kama huo unahukumu ringi. Unachopaswa kuuliza ni kama mitupo ilikuwa mizuri na ya watu sahihi.

Budenholzer mwenyewe alikuwa karibu kuhukumiwa kwa saizi ya kiatu. Msimu wa 2020-21 alikubali kujifunza: Bucks wakafanya mazoezi ya kubadilishana watu kwenye skrini (kila mkabaji kumchukua mtu wa mwenzake) kuanzia msimu wa kawaida. Mechi ya saba dhidi ya Brooklyn, Kevin Durant wa Brooklyn alisawazisha 109-109 ikibaki sekunde moja, na ncha ya kiatu chake ilikuwa imekanyaga mstari. Ingekuwa pointi tatu, pengine Bucks wangekuwa nje. Wakashinda kwenye muda wa nyongeza, na kisha wakatwaa ubingwa.

Ndiyo maana jambo la kuangalia kwa makini kuliko matokeo ni mazoezi. Nenda ukakae uwanjani wiki mbili, andika dakika ngapi zinatumika kwa mpango wa pili. Kama ni sifuri, hata kocha mwenye nia njema hawezi kuugeuza ulinzi robo ya nne, kwa sababu kubadilishana watu au zoni huhitaji wiki kadhaa za kupeana sauti na kujua nani anashuka kwa ribaundi. Angalia pia taimauti. Kanuni za FIBA zinatoa mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, lakini dakika mbili za mwisho za robo ya nne huruhusiwi zaidi ya mbili. Anayezibeba zote tatu hadi hapo hupoteza moja bure. Andika kila mara mpinzani alipofunga pointi 8 bila jibu: je, kocha aliomba taimauti? Alibadilisha nini baada ya hapo? Kubadilisha wachezaji wawili na kurudi na mfumo uleule usikuhesabu kama mabadiliko.

Sasa mwite. Mwoneshe klipu kumi zisizozidi dakika tano, na anza kwa swali: "Kocha, mtupo huu tunaukubali?" Kocha anayeijua bei yake atajibu papo hapo: ndiyo, kwa sababu huyu anaingiza asilimia 25. Huyo si mkaidi hata kama hambadilishi senta. Wa kuogopwa ni yule anayejibu kwamba wachezaji hawajitumi. Kubalianeni jambo moja la kujaribu, kwa mfano senta apande hadi usawa wa skrini dhidi ya watupaji wawili hatari, kwa mechi sita. Liandikwe. Msimpangie kikosi, mkianza hilo, kocha ameshaondoka isipokuwa jina.

Mechi sita zikiisha na mtupo uleule bado unatoka mara zilezile, kubadilisha kocha kuna msingi. Lakini lipo swali la mwisho, ambalo wengi hulikimbia: anayekuja atafanya nini tofauti, na wachezaji hawahawa? Golden State walikuwa na jibu mwaka 2014. Kocha wao, Mark Jackson, alikuwa ameshinda mechi 51, ulinzi wake ulikuwa imara, ila ushambuliaji ulisimama mtu akicheza peke yake na pasi chache. Steve Kerr aliyemrithi akauacha ulinzi kama ulivyokuwa, akaongeza pasi na mwendo bila mpira, akamaliza 67-15 na ubingwa wa 2015, kiini cha kikosi kikiwa kilekile.

Milwaukee hawakuwa nalo. Mwaka 2023 walitolewa tena na Miami 4-1, nyota wao Giannis Antetokounmpo akiwa amekosa mechi mbili kwa jeraha la mgongo; Jimmy Butler wa Miami alifunga 56 na 42 katika mechi mbili za mwisho, na Budenholzer akamaliza mechi ya tano akiwa na taimauti mfukoni. Akafukuzwa. Adrian Griffin akaja na ulinzi wa kumpandisha Lopez juu. Haikuchukua muda wachezaji wenyewe wakaomba arudishwe nyuma. Jrue Holiday, mkabaji wao bora wa nje, alikuwa ameuzwa. Griffin akaondolewa Januari 2024 akiwa na 30-13, na chini ya Doc Rivers wakamaliza 17-19 kabla ya kutoka raundi ya kwanza.

Kama uamuzi ni kuachana, fanyeni msimu ukiisha, kabla ya usajili, ili kocha mpya achague senta anayefaa mfumo wake. Katikati ya msimu ni pale tu wachezaji wameacha kumsikiliza. Hapo mpeni msaidizi timu, apunguze mifumo ibaki ulinzi mmoja na mbinu tatu za kushambulia, na mhakikishe video na karatasi zote za hesabu zinabaki klabuni.