Doa Jeusi kwenye Kifuniko cha Themostati

Tulipokuwa tukiijaribu, gerejini hapa Moshi, injini ya dizeli ya boti inayorudishwa Bwawa la Nyumba ya Mungu, huku pampu yake ikivuta maji kutoka kwenye pipa, kipimajoto cha mionzi (kinachopima bila kugusa) kilisoma nyuzi 52 za Selsiasi kwenye kifuniko cha themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya kupozea) kilichosuguliwa kikang'aa, ilhali geji ya joto ya injini ilisimama kwenye 82. Geji ndiyo iliyokuwa sahihi. Metali inayong'aa hutoa mionzi michache ya joto na kuakisi ile ya vitu vilivyo jirani, hivyo kipimajoto hudanganyika. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa na inayostahimili joto, lenye upana wa sarafu ya shilingi 200, kisha pima hapo hapo daima, kwa umbali uleule (sentimita 10 zinatosha), injini ikiwa imebeba mzigo kwa dakika 20 hivi, na uiandike namba unayoipata. Ikipanda nyuzi 5 au 6 kwa mzigo uleule, kagua impela ya pampu (gurudumu linalosukuma maji) na chujio la maji bila kungoja kengele ilie. Njia hii hushindwa maji ya kupozea yanaposhuka chini ya themostati, kwa sababu doa husoma joto la hewa au mvuke, na geji nayo hupumbaa vilevile. Hapo tegemea macho: maji ya pampu yanayotokea kwenye ekzosi (bomba la moshi) yakipungua au yakigeuka mvuke, zima injini, na usifungue kifuniko cha maji mpaka ipoe.