Kumpokea mwalimu mgeni katika shule ya kijijini Tabora

Mwalimu aliyepangiwa kituo Sikonge, Kaliua au Uyui akitokea Tanga au Mbeya, kazi ataimudu. Upweke ndio unaomwandikisha barua ya uhamisho, na wa kuupunguza ni mwalimu mkuu na wenzake wa ofisini, hasa mwezi wa kwanza.

Mpigieni simu kabla hajasafiri. Mwambieni basi linaishia wapi, nauli ya bodaboda, mtandao gani unashika na maji yanatoka wapi. Nyumba ifagiliwe, kitasa kifunge, ndoo mbili za maji na mkaa wa kuanzia viwepo. Kama shule haina nyumba, mtafutieni chumba mapema. Akilala wiki nzima sebuleni kwa mwenzake mwenye familia, atajiona mzigo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule nyingi humkabidhi jembe asubuhi ileile: darasa la kwanza lililofurika, na zamu juu yake. Mwacheni siku mbili akae nyuma ya madarasa ya wenzake, kisha mpeni ratiba.

Mteulieni mwenyeji, na asiwe mwalimu mkuu, kwa kuwa hakuna anayemlalamikia mkubwa wake kwa uhuru. Mwenyeji amfikishe kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, dukani, zahanati, msikitini au kanisani. Amfundishe salamu za wenyeji, “mwangaluka” ya asubuhi na “mwadila” ya jioni. Amweleze pia taratibu za msiba: mchango unapelekwa kwa nani, nani huenda kuchimba kaburi, wanawake hukaa wapi. Anayepita msibani bila kujua ataitwa mwenye maringo, na jina hilo hukaa miaka.

Ofisini, tatizo kubwa ni lugha. Walimu wakiongea Kinyamwezi au Kisukuma wakati wa chai, kisha wakacheka, mgeni huamini anasemwa yeye. Kubalianeni kutumia Kiswahili akiwepo asiyeelewa. Utani wa makabila nao una mpaka. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi na huenda akaufurahia. Ambaye si mtani huusikia kama tusi.

Mshahara wa kwanza huweza kuchelewa hadi taarifa zake ziingie kwenye mfumo. Mfuko wa walimu umkopeshe, kiasi na tarehe ya kurejesha viandikwe. Posho ya kujikimu ifuatiliwe halmashauri kwa barua, nakala ibaki shuleni.

Wiki ya tatu, mwenyeji azungumze naye faragha. Asiulize “Umezoea?”, maana jibu lake daima ni “Nimezoea.” Aulize: “Kitu gani kinakuchosha hapa?” Anayesahihisha madaftari peke yake kila mapumziko na kuomba ruhusa kila Ijumaa ameshaanza kuondoka moyoni. Mwiteni chai leo, msingoje kikao.

Mlinzi na mpishi wa uji nao ni watumishi wa shule, hata wakiwa wazawa wa kijiji. Waiteni vikaoni, na majina yao yaingie kwenye orodha ya mfuko wa kufa na kuzikana.