Mayai ndani ya pete za hoho, chai ya asubuhi ukiwa kempingi Kitulo

Asubuhi ya Kitulo, ile hifadhi ya taifa kule juu milimani kati ya Mbeya na Njombe, mwezi wa sita haina masihara, unatoka kwenye hema majani yote meupe kwa barafu, vidole havikunji, na kila mtu anataka kitu cha moto saa hiyohiyo. Mi napeleka vikundi vya vijana kule na asubuhi ya kwanza lazima nipike hiki, flampeni moja inatosha na kila mtu anapata yai lake zima, hakuna kugombania omleti.

1. Mayai yafike mazima. Ukipandia Chimala kuna zile kona 57, trei ikiwekwa juu ya mabegi haifiki, mi nilishapoteza trei nzima hapo na watu wakanywa chai kavu. Sikuhizi nayazika kwenye ndoo ndogo ya mchele, yasigusane. Wengine wanatumia sembe ila mi sishauri, yai likipasuka unga unashikana na ugali wa jioni ndo umeisha, mchele unauosha tu na kuupika siku hiyohiyo.

2. Kwa watu wanne chukua mayai 8 na hoho 3 nono, zilizonyooka ubavuni, pale sokoni Uyole, Mbeya, utachagua mpaka uchoke. Kata juu na chini, toa mbegu, halafu kata pete za unene wa sentimita 1 na nusu hivi. Kisu kiende wima jamani, pete ikiwa upande mmoja mnene na mwingine mwembamba hailali vizuri na ute wote unakimbia. Kitunguu kikubwa nacho kinafaa, ila acha tabaka mbili zishikane. Nyanya achana nayo, maji mengi.

3. Kinga upepo kwa mawe, ila usiuzungushie mtungi wa gesi pande zote, usije ukapata moto sana.

4. Mafuta kidogo, moto wa wastani, panga pete, zikianza kulainika na kupata rangi geuza, zikandamize na mwiko.

5. Hapa ndo penyewe. Punguza moto, pasua yai kwenye kikombe, mimina ute kidogo tu, kama kijiko cha chai, kisha subiri. Utauona unageuka mweupe na kushika pale chini kati ya hoho na flampeni, yaani umeziba mlango, ndo umwage lililobaki taratibu kiini kikae katikati. Ukimwaga lote kwa mara moja linapita chini na unabaki na pete tupu pembeni ya yai la kawaida. Mayai ya kienyeji nayapenda zaidi hapa kwasababu ni madogo, hayafuriki.

6. Chumvi, kijiko cha maji pembeni ya flampeni, funika. Mvuke ndo unaivisha juu. Kule ni kama mita 2,600 na maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwahiyo ongeza dakika moja au mbili kuliko nyumbani, na usifunuefunue. Ute wa juu ukiwa mweupe wote na kiini bado kinacheza ukitingisha, toa, ila kama kuna watoto au mjamzito acha kiini kigande kabisa.

Weka juu ya chapati za jana ulizozipasha, kipande cha parachichi la Tukuyu, chai ya tangawizi, na mle hapohapo mkiwa mmezunguka jiko maana kwa baridi ile yai linapoa kabla hujamaliza kupitisha chumvi.