Somo: Kusafisha namba za simu zenye herufi zilizojificha kwenye MySQL

Wakuu, ukipakia orodha ya wateja kutoka Excel, namba inaweza kuonekana safi kabisa lakini ukiitafuta haipatikani. Wengi hukimbilia TRIM. TRIM huondoa nafasi za kawaida tu, tena za mwanzo na mwisho; za katikati haizigusi.

Hatua ya 1. Tazama kilichomo kabla hujafuta chochote:

`SELECT simu, HEX(simu) FROM wateja WHERE simu REGEXP '[^0-9]';`

Hapo `[^0-9]` maana yake ni chochote kisicho tarakimu, na HEX huonyesha msimbo wa kila herufi. Nafasi ya kawaida ni 20. Ukiona C2A0 (kolamu ikiwa utf8mb4, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi), hiyo ni nafasi isiyovunjika, huja sana na maandishi ya kurasa za wavuti. 09 ni tabo; 0D na 0A ni mwisho wa mstari. E280AA ni alama ya mwelekeo wa maandishi, haionekani hata ukikodoa macho.

Hatua ya 2. Weka nakala:

`CREATE TABLE wateja_nakala AS SELECT * FROM wateja;`

Hatua ya 3. Tafuta waliojaza namba mbili sehemu moja, mfano 07XXXXXXXX/06XXXXXXXX. Ukifuta mkwaju bila kuangalia, unabaki na namba moja ya tarakimu 20, na hakuna SMS itakayofika. Hapa usiwe na haraka:

`SELECT id, simu FROM wateja WHERE CHAR_LENGTH(REGEXP_REPLACE(simu,'[^0-9]','')) NOT IN (10,12);`

Zitakazotoka zirekebishe kwa mkono.

Hatua ya 4. Safisha:

`START TRANSACTION;`
`UPDATE wateja SET simu = REGEXP_REPLACE(simu,'[^0-9]','');`
`UPDATE wateja SET simu = CONCAT('255', SUBSTRING(simu,2)) WHERE simu LIKE '0%' AND CHAR_LENGTH(simu)=10;`

Kagua, kisha `COMMIT;`. Ukiona kasoro, `ROLLBACK;` (jedwali liwe la aina ya InnoDB). Walio Kenya waweke 254.

Maswali

*Mkuu, natumia 5.7, REGEXP_REPLACE inakataa.*
Ilikuja na 8.0. Tumia REPLACE, herufi moja moja: `REPLACE(simu, _utf8mb4 X'C2A0', '')`.

*Na PostgreSQL?*
`regexp_replace(simu,'[^0-9]','','g')`. Ukisahau hiyo 'g', itaondoa herufi ya kwanza tu.

*Naweza kusafisha majina hivyohivyo?*
Hapana, tafadhali. Amri hiyo itafuta herufi zote, jina libaki tupu. Hata ukiibadilisha iondoe alama tu, Ng'wandu atakuwa Ngwandu na Ng'ang'a atakuwa Nganga. Hayo ni majina ya watu, usiziguse ritifaa zake (alama ya '). Shida ya majina ni ritifaa iliyopinda (E28099) kuchanganyika na iliyonyooka (27). Zifanye ziwe aina moja:

`UPDATE wateja SET jina = REPLACE(jina, '’', '''');`