Gari limekuja na matairi ya theluji? Yasome kabla hujateremka Tukuyu

Mbeya hatuna theluji. Baridi ya Juni na Julai ipo, na kule Kitulo kuna asubuhi utakuta barafu kwenye nyasi, basi. Lakini matairi ya theluji mjini yapo tele. Yanakuja na magari ya mtumba ya Japani, na mwenye gari akiona kashata (meno ya tairi) bado nene anafurahi: "Fundi, haya mapya, usiyatoe." Nafunga matairi hapa Uyole, na maneno hayo nayasikia kila meli ikishusha magari Dar.

Soma ubavu wa tairi. Ukikuta STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo ni la baridi. M+S (tope na theluji) peke yake isikutishe, matairi mengi ya kawaida ya magari ya porini yanayo. Halafu tazama kashata yenyewe: la theluji limechanjwa mistari myembamba mingi kama chale, na likiwa bado zima, ukilibonyeza kwa ukucha linaingia.

Mpira huo umetengenezwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Usiku wa Julai hapa Uyole unaweza kufika huko. Mchana ukiwa kule chini Chimala au Igawa, lami inachemka. Tairi linalainika kupita kiasi, linaisha haraka, breki zinachelewa, na kwenye kona gari linayumba. Kwenye lami yenye maji ndiyo balaa zaidi. Likizeeka nalo linakakamaa, hata ule ulaini uliokufurahisha haupo. Umri uko kwenye tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ndefu ya ubavuni: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Sasa saizi. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Kifuate hicho, usifuate tairi ulilolikuta, huenda nalo lilibadilishwa. Tuseme kimeandika 195/65R15 91H. Upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni inchi 15. 91 ni namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 615 kwa kila moja. H ni mwendo, mwisho kilomita 210 kwa saa; ya theluji mengi yana Q, mwisho 160. Usishuke chini ya namba ya uzito, hasa wewe unayepakia viazi hadi paa.

Wengi huniomba 195/70R15 ili gari "linyanyuke" kwenye tope. Piga hesabu: kimo cha tairi kinatoka milimita 634 kwenda 654. Nusu yake ndiyo inayokunyanyua, yaani sentimita moja. Kwa sentimita hiyo tairi linaweza kusugua fenda ukikata kona, na dashibodi ikisoma 80 wewe uko 82 na kitu. Tofauti ya kimo isizidi asilimia 3, na hiyo imeshavuka. 205/65R15 huwa naikubali, rimu ikiruhusu.

Aina? Wa Tukuyu na Kyela chukua tairi la kawaida la lami lenye mifereji mipana ya kutoa maji. Anayepanda Matamba kwa zile kona 57 masika yote, na gari lake linavuta miguu minne, achukue A/T, tairi la lami na vumbi pamoja. M/T za tope tupu waachie wa mashambani, kwenye lami iliyolowa zinateleza.

Ukiwa na hela ya mawili tu, mapya yaende nyuma hata kama gari linavuta mbele. Vijana wananibishia sana hapa. Kwenye mteremko wa mvua mkia wa gari ukiteleza, stelingi haikusaidii. Na kamwe usichanganye, ya theluji mbele na ya kawaida nyuma, au kinyume chake.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba za kibandiko kilekile. Spea nayo iwe saizi hiyohiyo. Ya theluji uliyovua wape wenye mikokoteni ya ng'ombe.