Jinsi ya kukagua filamu ya vichekesho vya ujana kabla kijana wako hajaitazama

Vichekesho vinavyohusu maisha ya chuo, kazi ya kwanza na kupanga chumba na marafiki huwavutia sana wanafunzi wa sekondari, ingawa vingi vimetengenezewa watu waliokwishapita umri wao. Saa moja inatosha kukagua filamu moja.

Anza na daraja la umri la filamu. Kwa filamu za Marekani, PG-13 inawatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13, na R inamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie sinema na mzazi au mlezi. Kenya hutumia GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (umri wa chini wa mtazamaji). Usiishie kwenye herufi. Soma maelezo mafupi yanayoambatana nazo. Kwa kawaida, tusi zito la ngono likitamkwa zaidi ya mara moja linatosha kuipa filamu R, kwa hiyo R ya matusi matupu si sawa na R ya ngono na dawa za kulevya. Kuwa mwangalifu na toleo lenye lebo ya "Unrated": halikupewa daraja, na linaweza kuwa na vipande visivyokuwemo katika toleo lililopewa daraja.

Kisha tazama mwenyewe. Trela haitoshi, maana huchujwa ili ionyeshwe kwa watu wengi. Washa maandishi ya chini, ongeza kasi hadi 1.5, utazame dakika 20 za kwanza, sherehe kubwa (karibu kila filamu ya aina hii inayo), na dakika 20 za mwisho. Mwanzo utakuonyesha lugha, sherehe itakuonyesha pombe na ngono. Mwisho ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu hapo utajua nani amewajibika kwa aliyoyafanya.

Jiulize mtazamaji anachekeshwa na nini. Chukua mfano wa msichana aliyekataa mara mbili. Kijana anamfuata hadi kazini, watu wanacheka, na mwishoni anapewa busu. Hakuna tusi wala mwili ulio wazi, daraja linabaki chini, lakini mtoto wa miaka 14 amefundishwa kwamba "hapana" ni ya kubembelezwa tu. Vivyo hivyo kwa mlevi aliyezirai, wenzake wakamvua nguo na kumpiga picha: je, kesho yake kuna anayeomba radhi, au picha zinasambazwa na mzaha unaendelea? Filamu ya namna hiyo tungemzuia wa miaka 13 hata kama ina PG-13. Wa miaka 16 anaweza kuitazama akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye.

Filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zikaguliwe kwa kusikiliza, tena kwa kasi ya kawaida. Mtafsiri huongeza matani yake juu ya mazungumzo, na daraja la filamu asilia halihusu maneno hayo.

Kwenye Netflix, weka kiwango cha umri katika profaili ya kijana. Unaweza pia kuizuia filamu moja kwa jina lake. Profaili yako iwekee namba ya siri, la sivyo atahamia huko. Ukiamua atazame na mkubwa, na kuna kuoneana haya kati ya baba na binti, shangazi au dada mkubwa akae naye.